Kama Hafanani, Je, Mchoraji Amekosea?

Tarehe 12 Februari 2018, katika jumba la sanaa la National Portrait Gallery jijini Washington, pazia liliondolewa juu ya picha mbili ambazo Wamarekani walikuwa wamezisubiri kwa hamu. Moja ilikuwa ya Barack Obama, rais wa 44 wa nchi hiyo, nayo ilichorwa na Kehinde Wiley. Ya pili ilikuwa ya mkewe, Bi. Michelle Obama, kazi ya mkono wa Amy Sherald. Kabla siku haijakwisha, neno moja lilikuwa limeshatamkwa kila pembe kuhusu picha hiyo ya pili: hafanani. Uso ule si wake, walisema watu. Tena, kwa nini ngozi ya mwanamke mweusi anayejulikana dunia nzima imepakwa rangi ya kijivu?

Safu hii haina nia ya kumtetea mchoraji wa Kimarekani asiyehitaji utetezi wetu. Tunalileta jambo hili mbele ya walimu na wanafunzi kwa kuwa neno hilo, hafanani, ndilo hukumu tunayoitoa sisi pia, upesi na kwa sauti ya juu, kila tunapoonyeshwa picha au sanamu ya mtu mashuhuri. Neno lenyewe halina kosa. Mtazamaji ana haki ya kuuliza kama aliyechorwa ndiye anayemjua. Taabu huanza pale swali hilo la kwanza linapogeuzwa kuwa la mwisho, na mtu akaondoka mbele ya picha akidhani amekwisha kuitazama.

Kwanza tuione picha yenyewe. Ni kubwa, urefu wake ukikaribia mita mbili. Bi. Obama ameketi mbele ya usuli wa buluu hafifu usio na chochote: hapana dirisha, hapana bendera, hapana rafu ya vitabu kama ilivyo desturi katika picha za wakubwa. Kidevu amekiegemeza juu ya mkono mmoja, na mkono wa pili ameulaza juu ya magoti. Hatabasamu. Anamkabili mtazamaji kwa macho makavu, kama mtu anayengoja jibu. Gauni lake refu jeupe, lenye nakshi nyeusi na vipande vya rangi nyekundu, ya waridi na ya manjano, limetanda hadi chini likajaza sehemu kubwa ya turubai, hata mwenyewe anaonekana kama mlima uliopandwa na uso. Ngozi yote, ya uso na ya mikono, ni ya kijivu.

Mumewe naye hakusalimika siku hiyo. Wiley alimketisha kitini mbele ya ukuta wa majani mabichi, na watu wakafanya mzaha kwamba rais amepotelea kichakani. Lakini maua yaliyochomoza katikati ya majani hayo yaliwekwa kwa makusudi. Krisanthemamu ni ua rasmi la jiji la Chicago, alikoanzia siasa. Asumini ni kumbukumbu ya Hawaii, alikozaliwa. Na maua ya buluu yenye asili ya Afrika yaliwekwa kwa ajili ya Kenya, nchi ya baba yake. Mkenya aliyeicheka picha ile bila kuuliza habari za maua aliicheka salamu iliyoletwa kwake mwenyewe.

Turudi kwa Bi. Obama. Malalamiko juu ya picha yake yalikuwa ya namna mbili, na haifai kuyachanganya. La kwanza lilikuwa hilo la kufanana. Huyu ni mtu ambaye uso wake ulikuwa ukionekana katika televisheni na magazeti kwa miaka minane mfululizo. Watu walilijua tabasamu lake, walizijua nyusi zake, walijua jinsi anavyocheka. Walipoukosa uso huo waliouzoea, walihisi kama waliopelekewa barua yenye jina lao na maneno ya mtu mwingine.

Lalamiko la pili lilikuwa zito zaidi, nalo lilitoka aghalabu kwa watu weusi wenyewe. Kwa muda mrefu katika historia ya nchi hiyo, kuta za majumba ya heshima zilikuwa za watu weupe. Mtu mweusi alipotokea katika picha hizo, mara nyingi alitokea pembeni, akiwa mtumishi aliyesimama nyuma ya bwana wake. Sasa mwanamke mweusi, mzao wa watumwa, amefika mahali pa heshima, ameketi peke yake katikati ya turubai. Na papo hapo mchoraji, tena mchoraji mweusi, anamvua rangi ya ngozi yake! Waliouliza hivyo hawakuwa wajinga wa sanaa. Waliuliza kwa uchungu wa watu waliowahi kunyimwa, na uchungu wa namna hiyo unastahili jawabu.

Jawabu Sherald alikuwa nalo, kwa sababu hakuianza rangi ya kijivu siku alipomchora Bi. Obama. Ndiyo namna anayochora watu weusi wote katika kazi zake, na ndiyo namna iliyompa ushindi mwaka 2016 katika mashindano ya uchoraji ya jumba hilohilo la Washington, akiwa mwanamke wa kwanza kuyashinda. Ameeleza kwamba rangi hiyo ina uhusiano na picha za zamani za kamera, zile zisizokuwa na rangi, ambazo kwazo watu weusi wa Marekani walianza kujionyesha kama walivyotaka kuonekana: wamevaa vizuri, wametulia, hawakuchorwa na mtu wa kuwadhihaki. Ameeleza vilevile kwamba hakutaka kazi zake zizungumzwe kwa habari ya rangi ya ngozi peke yake. Katika nchi ambayo jicho huikimbilia ngozi kabla ya kumfikia mtu, yeye ameiondoa ngozi njiani ili jicho limfikie mtu.

Jawabu hilo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Anayelikataa anaweza kusema kwamba weusi si kizuizi kinachohitaji kuondolewa ili mwenye nao aonekane, na hiyo ni hoja yenye uzito wake. Anayelikubali anaweza kumwelekeza mwenzake kwenye gauni. Nakshi za gauni lile zilimkumbusha Sherald mifarishi ya viraka inayoshonwa na wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama ambacho wakazi wake ni wajukuu wa watumwa. Wanawake hao walichukua nguo kuukuu na mabaki ya vitambaa wakayaunganisha kuwa mifarishi ambayo leo hutundikwa katika majumba ya sanaa. Basi weusi ambao watu waliutafuta usoni wakaukosa, mchoraji aliuweka katika vazi, na akalipa vazi hilo nafasi kubwa kuliko uso. Ni nani angeliona hilo akiwa amekwisha kuondoka?

Jambo la kutia moyo ni kwamba wengi hawakuondoka. Wengine walikuja mara ya kwanza kwa sababu ya ubishi wenyewe. Misongamano ilikuwa mikubwa hata mwezi wa Machi mwaka uohuo jumba likalazimika kuihamishia picha ya Bi. Obama kwenye ukumbi wenye nafasi zaidi, na kwa mwaka mzima wa 2018 wageni wa jengo hilo walipita milioni 2. Miongoni mwao alikuwamo mtoto mdogo wa kike, mweusi, wa miaka miwili. Alipigwa picha akiwa amesimama mbele ya turubai, kinywa wazi, hataki kugeuka. Picha hiyo ya kamera ikazunguka dunia, na mama yake akaeleza kwamba mtoto alidhani aliyemwona ni malkia. Mtoto huyo hakuwa na sura nyingine kichwani ya kulinganishia. Alikiona kilichokuwa mbele yake.

Hatusemi kwamba jicho la mtoto wa miaka miwili ndilo kipimo cha sanaa. Mtu mzima hawezi kujisahaulisha anachokijua, wala hapaswi. Lakini kisa hicho kinatuonyesha kwamba picha ileile inaweza kuwa kasoro kwa anayetafuta sura aliyoizoea na kuwa ufunuo kwa asiyetafuta chochote. Na anayetaka kufanana, matakwa yake yalitimizwa baadaye. Tarehe 7 Septemba 2022 Ikulu ya Marekani ilizindua picha nyingine ya Bi. Obama, iliyochorwa na Sharon Sprung, ambayo ndani yake ngozi ni ngozi na uso ni uleule wa televisheni. Ni kazi ya ustadi. Mwalimu akiziweka picha hizo mbili sambamba mbele ya darasa, atapata mjadala wa saa nzima juu ya kila moja inaeleza nini ambacho nyenzake haielezi.

Tukiyatoa macho Washington tukayarudisha nyumbani, tutaona kwamba Mkenya si mgeni wa mabishano haya. Mnamo Agosti 2024, mji wa Eldoret ulipokuwa ukijiandaa kupandishwa hadhi kuwa jiji, ziliwekwa sanamu zilizokusudiwa kuwaenzi wanariadha wetu. Wananchi walipoziona walicheka mpaka machozi, picha zake zikasambazwa kila mahali kwa kejeli, na sanamu zikaondolewa. Je, waliocheka Eldoret walifanya kosa lilelile la waliolalamika Washington?

La, hasha. Hapa ndipo penye tofauti ambayo kila mwanafunzi wa sanaa anapaswa kuishika. Kuna kushindwa kufananisha, na kuna kuamua kutofananisha. Sanamu za Eldoret zilijitwika ahadi ya kuwaonyesha wanariadha tunaowajua na tunaowapenda, na ahadi hiyo hazikuitimiza. Tena zilisimama mahali pa umma, ambapo kila mpita njia ana haki ya kusema. Sherald hakuahidi tunachomdai. Anaweza kuchora uso ukafanana. Aliamua jambo jingine, akalifuata kwa nidhamu kutoka pembe moja ya turubai hadi nyingine. Kosa la kwanza hupimwa kwa mkono wa fundi. Uamuzi wa pili hupimwa kwa maana yake. Kicheko cha Eldoret kilikuwa halali, ila hata kicheko halali kingefaa kufuatiwa na maswali: kazi hiyo ilitolewa kwa nani, kwa utaratibu upi, kwa muda gani? Nchi iliyoweza kusimamisha sanamu ya Dedan Kimathi katikati ya Nairobi mwaka 2007 haina upungufu wa mikono.

Mwalimu wa Kiswahili atalielewa jambo hili upesi kuliko wengi, kwa kuwa fasihi imekwisha kumfundisha. Mshairi anapomwita mpenzi wake lulu, hakuna mwanafunzi anayesimama kuuliza chaza amekwenda wapi. Shingo ikifananishwa na ya twiga, hatutafuti futi kamba tukaipime. Tunasema hii ni istiari, ile ni tashbihi, hii ni jazanda. Na mtahiniwa asiyeitambua tunamnyima alama. Iweje basi mchoraji akitumia kijivu kama mshairi anavyotumia lulu, tumwambie amekosea rangi? Tamathali tuliyoiruhusu kalamu, hatuna sababu ya kuinyima brashi.

Aidha, wapenzi wa ushairi wa Kiswahili wameupitia ugomvi wa aina hii kwa nafsi zao. Amri Abedi alitoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na kwa wengi hizo ndizo zilizokuwa alama za kulitambulia shairi: vina, mizani, mishororo, beti. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wanajadi wakapaaza sauti kwamba hayo si mashairi. Kwa lugha ya mjadala wetu wa leo, walisema: hayafanani. Wenzao wakajibu kwamba ushairi unaweza kukaa ndani ya fikra na taswira bila kufungwa kwa urari. Mabishano hayo yalichukua miaka mingi, na yalikuwa makali. Leo mwanafunzi wa kidato cha nne husoma shairi la arudhi na shairi huru katika darasa moja. Hakuna upande ulioangamia. Ushairi wetu ulipata chumba cha pili, na waliopinga walisaidia kukijenga, kwa kuwa hoja zao ziliwalazimisha washairi wapya waeleze wanachokifanya.

Hata katika rangi ya ngozi, Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1959 Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanganyika, alichora michoro mikubwa ya maisha ya Yesu katika kuta za kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, Murang'a. Yesu wa Njau ni Mwafrika, na anaishi na kuteswa katika vilima na migomba ya nchi ya Wakikuyu. Hapana mtu aliyewahi kuiona sura ya Yesu akaweza kuapa kwamba hafanani. Hata hivyo, kila mwumini aliyezoea kalenda za wamisheni alikuwa na sura yake kichwani. Njau alibadilisha rangi ya ngozi ili waumini wa Murang'a, waliotoka katika miaka ya damu ya hali ya hatari, wayaone mateso yale kuwa jambo lililowahusu. Sherald aliiondoa rangi, Njau aliitia. Wote wawili walijua kwamba katika picha ya mtu anayejulikana, rangi ya ngozi husema kitu.

Mpaka hapa tumezungumza habari za watazamaji. Yupo mwingine mwenye maneno: huyo aliyechorwa. Bi. Obama aliipokea picha yake kwa furaha, na siku ya uzinduzi alizungumza juu ya wasichana watakaokuja kuitazama na kumwona ukutani mtu anayefanana nao. Angalia neno hilo lilivyogeuzwa: wengine walidai picha ifanane na yeye, yeye akawaza itakavyofanana na wasichana hao. Lakini si wote wanaochorwa wenye moyo huo.

Mwaka 1954 Bunge la Uingereza lilimwagiza mchoraji Graham Sutherland achore picha ya Winston Churchill, iwe zawadi ya kutimiza kwake miaka 80. Sutherland alimchora mzee aliyechoka, mzito, aliyejishikiza kwenye mikono ya kiti. Picha ilizinduliwa tarehe 30 Novemba mbele ya wabunge wa mabaraza yote mawili. Churchill, ambaye aliichukia, akaisifu kwa kejeli kuwa ni mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa, na ukumbi ukaangua kicheko. Ikapelekwa nyumbani kwake, wala haikutundikwa. Baada ya mkewe, Bi. Clementine, kufariki Desemba 1977, ndipo umma ulipoambiwa kwamba picha hiyo ilikuwa imeteketezwa zamani kwa matakwa yake. Kilichobaki ni michoro ya matayarisho na picha za kamera. Pengine Sutherland alikosea. Pengine ilikuwa picha iliyosema kweli kuliko zote zilizowahi kumhusu mzee yule. Hukumu hiyo haiwezi kutolewa tena, kwa sababu aliyetakiwa kuwa somo la picha alijifanya hakimu wake.

Katika zama hizi moto umekuwa mgumu kuutumia, lakini tamaa ingalipo. Mnamo Mei 2024 ilijulikana kwamba Gina Rinehart, mwenye migodi ya chuma na mtu tajiri kuliko wote nchini Australia, alikuwa ametaka picha yake iondolewe katika jumba la taifa la sanaa mjini Canberra. Picha hiyo, kazi ya Vincent Namatjira, mchoraji kutoka kwa wenyeji wa asili wa Australia, ilikuwa moja kati ya 21 alizowachora watu mbalimbali, wakiwemo wa jamii yake na hata yeye mwenyewe, wote kwa mtindo uleule wa nyuso zilizokunjamana na kupanuka. Jumba halikuiondoa. Matokeo yake, picha ambayo ingetazamwa na wageni wa Canberra tu ilichapishwa na magazeti ya dunia nzima. Hasira hasara, wasema wahenga.

Je, mtu hana haki juu ya sura yake? Anayo. Sheria za nchi nyingi humlinda dhidi ya uongo na matusi, na mtu wa kawaida anayeishi maisha yake faraghani anastahili ulinzi mkubwa zaidi. Lakini anayekaa mahali pa juu, ambaye uamuzi wake au fedha zake hugusa maisha ya maelfu, hana budi kukubali kwamba wengine humwona kwa namna isiyolingana na kioo chake. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Ndiyo maana ngoma ya sifa za wakubwa haifai kuachiwa wakubwa wenyewe waiwambe.

Tukisema haya tusiwape wasanii ruhusa ya kiburi. Wapo wanaojificha nyuma ya ugeni wa kazi zao, na kila anayewauliza huambiwa haelewi sanaa. Hilo nalo ni kumnyamazisha mtazamaji, sawa na tajiri anayetaka kumnyamazisha mchoraji. Si kila kinachotushangaza ni kikubwa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mchoraji aliyeacha njia iliyozoeleka anadaiwa sababu, nasi tunaruhusiwa kuipima sababu hiyo na kuiona haitoshi. Mtu aliyeitazama picha ya Sherald kwa makini, akayajua ya kijivu na ya mifarishi, kisha akasema bado haimridhishi, ametoa hukumu yenye thamani sawa na ya anayeisifu. Heshima ya umma ni kuupa nafasi ya kukataa ukiwa na sababu.

Hapa ndipo shule zetu zinapoingia. Katika mfumo wa 8-4-4, somo la Sanaa na Ufundi lilitahiniwa katika darasa la nane mpaka likaondolewa katika mtihani wa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kila mwalimu anajua hatima ya somo lisilotahiniwa: saa zake huazimwa na Hisabati na hazirudishwi. Kizazi kizima kikakua kikijua kusoma maandishi bila kufundishwa kusoma picha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirudisha sanaa darasani, na umeifanya sanaa pamoja na michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Hatua hiyo ni njema. Lakini mtaala hauwezi kumlinda mwanafunzi anayechora uso kwa namna yake kisha darasa zima, likiongozwa na mwalimu, likaangua kicheko.

Mwalimu asiye na vifaa asikate tamaa. Hahitaji turubai wala safari ya Washington. Ubao wa kinyozi wenye kichwa cha mchezaji mpira unatosha. Matatu iliyochorwa mwanamuziki ubavuni inatosha. Picha iliyokatwa gazetini inatosha. Na awaulize wanafunzi maswali matatu, kwa mpangilio huu. Unaona nini? Asikubali mtu aseme "kizuri" au "kibaya" kabla hajataja rangi, mkao, macho, vazi na kilicho nyuma. Kisha, unadhani kwa nini mchoraji ameamua hivyo? Hapo mwanafunzi atalazimika kumfikiria mtu mwingine mwenye akili kama yake. Mwisho, je, amefaulu? Sasa ndipo neno hafanani linaporuhusiwa kuingia, likiwa limeshika sababu mkononi. Darasa litagawanyika, na ni vema ligawanyike.

Mwanafunzi aliyezoezwa hivyo atafaidika nje ya sanaa pia. Atakuwa mpigakura anayeuliza kilichosemwa kabla ya kumzomea msemaji, na msomaji anayemaliza makala kabla ya kuijibu. Nchi yetu haina uhaba wa watu wa kuhukumu upesi.

Wamarekani walioikataa picha ya Bi. Obama mnamo Februari 2018 walipata nafasi ambayo Waingereza wa 1954 hawakuachiwa. Picha ilikuwapo kesho yake, na mwaka uliofuata, na baadaye ikasafirishwa katika miji mingine ya nchi hiyo kuanzia Chicago mwaka 2021. Aliyetaka kurudi kuitazama tena aliweza. Aliyetaka kubaki na neno lake alibaki nalo. Nasi siku tutakapozinduliwa picha nyingine ya mtu tunayempenda, na uso ukawa si ule tuliouzoea, tuwape watoto wetu dakika tano za kutazama kwanza, kimya, kabla mtu mzima hajasema neno.